Gari la kale na mafuriko: kuliondoa, kulipakia, kuliinua au kuliacha lizame

Kila masika, mwenye Peugeot 504, Volkswagen Beetle au Land Rover ya miaka ya sabini anayeishi bondeni huambiwa neno moja tu: lihamishe. Ni kweli, ila neno hilo halimsaidii aliyeamshwa saa nane usiku na maji yameshashika barabara, wala yule ambaye injini ya gari lake iko mezani vipande vipande. Njia ziko nne, na kila moja ina saa yake. Tunazilinganisha kwa vigezo viwili: muda uliobaki kabla maji hayajafika, na kina ambacho yatafikia pale gari liliposimama.

Anza na mto wenyewe. Msimbazi wa Dar es Salaam unaposhuka Jangwani, au Mto Nairobi na vijito vyake vinapofurika, unahesabu saa, na mara nyingine hata saa hazitimii. Rufiji na Tana ni mito ya namna nyingine: maji hutoka mbali, mabwawa hujaa kwanza, na watu wa Kibiti, Rufiji au Garissa huwa na siku kadhaa za kuona yanavyopanda, kama ilivyokuwa Aprili 2024. Wa Rufiji ana muda wa kutafuta lori na kupatana bei. Wa Jangwani akianza kutafuta lori mvua ikiwa inanyesha, amechelewa.

Kina nacho usikikadirie kwa macho ya matumaini. Tafuta alama ya maji ya mafuriko yaliyopita ukutani kwako au kwa jirani, pima kwa tepu kutoka sakafuni, kisha ongeza sentimita 30. Hicho ndicho kina cha kufanyia hesabu.

| Njia | Muda unaohitajika | Inafaa lini | Kinachoiangusha |
|---|---|---|---|
| Kuliendesha | Dakika 15, kabla maji hayajafika | Barabara bado kavu, au maji yaliyotulia chini ya kitovu cha ringi | Maji kuingia kwenye injini, mkondo |
| Bredauni ya kubeba | Nusu siku au zaidi | Gari haliwaki, au liko chini sana | Barabara kufungwa, bei kupanda |
| Kuliinua palepale | Saa 1 hadi 2, watu wawili | Maji yatapita sakafu ya gari kwa sm 20 au 30 hivi | Gari kuelea na kuanguka |
| Kuliacha lizame | Saa 3 hadi 5 | Maji yatafika kwenye viti au juu zaidi | Matope, chumvi, kuchelewa kulifungua |

Kuliendesha

Hakuna njia inayoishinda hii kama barabara ni kavu, na sababu ni ndogo: haihitaji mtu mwingine wala kifaa. Udhaifu wake ni mmoja, kwamba watu huianza wakiwa wamechelewa. Mamlaka ya hali ya hewa ikishatoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa wako, peleka gari usiku huo huo kwa ndugu anayekaa mlimani, kwenye uwanja wa kanisa au msikiti ulioinuka, au maegesho ya ghorofa. Maegesho hayo yawe ghorofa ya kwanza kwenda juu. Ya chini ya ardhi ndiyo hujaa kwanza, na pampu zake hufa umeme unapokatwa. Uliza mapema kama wanaruhusu gari kulala.

Barabara ikishashika maji, hesabu hubadilika. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuyumbisha na kubeba gari dogo. Sentimita 60 hubeba magari mengi, yakiwemo yale marefu ya fowili. Kinachotangulia si nguvu ya mkondo, ni gari kupoteza uzito wake. Beetle ina takriban kilo 800, na sakafu yake ni bamba bapa lililozibwa vizuri. Chukua eneo la mita za mraba 5: maji yakipanda sentimita 16 juu ya usawa wa sakafu, yanakuwa yamebeba kilo zote 800. Tairi hazishiki tena, usukani unabaki pambo. Land Rover ya zamani huchelewa kuelea kwa sababu iko juu na mlango wake unavuja kila upande. Kwa mara moja, ubovu huo ni sifa.

Kama maji yametulia, unaiona barabara yote na kina hakifiki kitovu cha ringi, gari la petroli lisilo na hitilafu linaweza kupita. Defender ya zamani imepewa na kiwanda sentimita 50. Kabla ya kuingia, fanya haya:

Legeza na uvue mkanda wa feni kama feni inaendeshwa na injini. Feni ikipiga maji, mapanga yake hujipinda mbele na kutoboa rejeta, na kabla ya hapo itakuwa imeshamwagia maji distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) na waya za plagi. Bila mkanda huo utapoteza pia pampu ya maji na chaji, kwa hiyo una dakika chache tu kabla injini haijachemka. Volkswagen usiiguse: feni yake ndiyo inayopoza injini.

Kausha kifuniko cha distributa na waya zake, nyunyizia dawa ya kufukuza maji, kisha funika sehemu hiyo kwa glavu ya mpira au kipande cha tyubu. Land Rover ina tundu chini ya nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), na kizibo chake cha nyuzi. Kizibo hicho kifungwe unapoingia majini na kifunguliwe ukitoka, la sivyo oili inayovuja itajikusanya humo na klachi itaanza kuteleza. Magari mengi yamepoteza kizibo chake miaka mingi iliyopita, kwa hiyo kitafute leo.

Ndani ya maji tumia gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, mafuta yasiyobadilika. Usikanyage klachi katikati, usibadilishe gia, usifuate gari lililo mbele kwa karibu, maana wimbi lake litakupanda kwenye boneti. Injini ikizimika ndani ya maji, USIPIGE STATA. Hapa ndipo injini nyingi hufa, na zinauawa na ufunguo.

Sababu yake ni hesabu ya shule. Injini ya petroli ya lita 2 yenye silinda nne ina sentimita za ujazo 500 kwa kila silinda. Kama mgandamizo wake ni 9 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni takriban 62, sawa na vijiko vinne vya mezani. Maji hayagandamiziki. Yakizidi hapo, pistoni inagonga ukuta na konrodi, mkono unaoisukuma, inapinda. Dizeli ya mgandamizo wa 21 kwa 1 inabakiza nafasi ya 25 tu, hata vijiko viwili havitimii. Ndiyo maana dizeli, inayosifiwa kwa kupita majini kwa kuwa haina plagi za kulowa, huumia vibaya zaidi maji yakipata njia ya kuingia kwenye ea klina (kichujio cha hewa).

Ukishatoka, kanyaga breki taratibu mara kadhaa huku ukitembea, hasa kama ni za ngoma, zikilowa hazikamati. Kesho yake fungua bolti ya difu (kasha la gia la ekseli) na ya giaboksi uangalie oili. Ekseli iliyokuwa ya moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia sili na tundu la kupumulia. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imwagwe yote siku hiyo.

Bredauni

Kwa gari lisilowaka au lililoshushwa chini, bredauni ya kubeba mgongoni ndiyo njia safi kuliko zote. Ile ya kuning'iniza mbele na kuburuza nyuma haifai gari la kale lenye bampa za kromu na bodi ambayo haipatikani tena, na gari la otomatiki halipaswi kuburuzwa na magurudumu yanayoendesha yakiwa chini: giaboksi yake hupata oili pale tu injini inapozunguka.

Tatizo ni jiografia. Dar es Salaam, maji yakifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, bredauni iliyoko Kariakoo haifiki Magomeni bila mzunguko mrefu ambao kila gari mjini linautumia muda huo. Tafuta bredauni iliyo upande wako wa mto, mpatane bei wakati wa jua, na namba yake iandike kwenye karatasi na si kwenye simu peke yake. Bei ya siku ya mafuriko si bei ya Jumanne ya kawaida. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi Jangwani imewahi kufurika, na pale palikuwa na madereva na vifaa. Kuwa na uwezo hakumsaidii aliyesubiri.

Dereva atataka kujua mambo manne, mwambie mapema: uzito wa gari, kama magurudumu yote yanazunguka, kama usukani unafunguka, na sehemu ya kufungia ndoano ya winchi. Akifunga, mikanda ipite juu ya tairi na isishike ekseli wala mikono ya chini inayoshika magurudumu. Tairi zikifungwa, gari linaweza kuchezea springi zake njiani. Ukifunga bodi na kukaza, kila shimo la barabara linavuta bolti za miaka hamsini.

Kuvuta kwa kamba ndani ya maji tusikuzungumzie sana. Magari mawili, breki za kulowa, kamba isiyoonekana. Usifanye.

Kuliinua

Hapa pana udanganyifu mwingi, kwa sababu watu husoma namba iliyoandikwa kwenye stendi, ile miguu ya chuma ya kushikilia gari lililoinuliwa. Stendi ya tani 3 hufika sentimita 42 hivi, basi mtu anadhani ameliinua gari sentimita 42. Hapana. Bomba la ekseli la gari lenye tairi kubwa lilikuwa tayari sentimita 28 kutoka chini. Stendi ya 42 imekuongezea 14. Kwa sedani kama 504, ukiweka stendi kwenye sehemu za jeki chini ya milango, bodi inapanda sentimita 15 hadi 20, wakati magurudumu yananing'inia na kubaki karibu na chini. Hiyo ndiyo faida halisi. Kama hesabu yako ya ukutani inasema maji yatapita sakafu ya gari kwa sentimita 15, stendi zinakutosha. Kama yatapita kwa 50, unajichosha.

Mbao ni bora kuliko stendi kwa kazi hii. Chukua vipande vya sentimita 10 kwa 10, urefu wa sentimita 60, uvipange viwili kwa viwili, tabaka moja likikatiza jingine, chini ya kila gurudumu. Tabaka tatu ni sentimita 30 za kweli, na tairi limekaa juu ya eneo pana. Unahitaji vipande 24 kwa gari zima. Vifunge kwa misumari au waya, kwa sababu mbao huelea. Uzito wa gari ukipungua kidogo tu, mnara unasambaratika. Matofali ya saruji yenye matundu usiyatumie kabisa. Hupasuka ghafla bila dalili, na gari linatua kwenye ringi au kwenye mtu.

Inua upande mmoja kidogo, kisha mwingine, tabaka kwa tabaka. Sakafu ikishalowa, jeki ya magurudumu huteleza, kwa hiyo kazi hii ni ya kabla ya maji. Asiingie mtu chini ya gari maji yakiwa yameanza kuingia, hata kwa kuchukua spana iliyosahaulika.

Kisha rudi kwenye hesabu ya Beetle. Gari lililoinuliwa linaelea vilevile kama lililo chini, tofauti ni kwamba sasa lina mahali pa kuanguka. Lifunge kwa mikanda minne kwenye nguzo za zege, au kwenye nondo zilizotegwa sakafuni. Nje ya banda, geuza pua ielekee mkondo unapotoka ili maji yapate eneo dogo la kusukuma.

Mfuko mkubwa wa plastiki unaofunika gari zima huuzwa kwa kazi hii, na wengine hushona turubai nzito. Unafanya kazi katika maji tulivu, ila mfuko huo ni mashua. 504 ya kilo 1,200 ndani ya mfuko wenye eneo la mita za mraba 7 inaanza kuelea maji yakifika sentimita 17. Ukilikaza kwa mikanda lisinyanyuke kabisa, maji ya sentimita 60 yatavuta mikanda kwa nguvu ya tani 3. Mkanda utakatika au ndoano itang'oka na bamba lake. Mikanda iachwe na ulegevu wa kutosha gari lipande na kushuka, ikilizuia tu lisitembee. Na kijiti kimoja cha mwarobaini kinachoelea kikitoboa mfuko, umelifungia gari lako ndani ya maji machafu yasiyotoka.

Kuliacha lizame

Wengi huona kama kulisaliti gari, lakini maji yakitarajiwa kufika kwenye viti au juu yake, hii ndiyo njia yenye akili kuliko kulinyanyua nusunusu. Gari la kale lina faida ambayo la kisasa halina: karibu kila kinachouawa na maji kinafunguka kwa spana. Lengo ni gari libaki zito, lisielee na kujigonga ukutani, na vitu vya thamani viwe darini.

Toa betri kwanza, kichwa cha hasi kabla ya chanya. Kisha viti, mazulia, na kadi za milango. Viti vya Land Rover hung'oka kwa mkono. Vya mbele vya 504 ni bolti chache. Halafu mota ya stata, alternata au dainamo, koili, na distributa. Distributa usiing'oe kabla ya kuchora alama mbili kwa msumari: moja kati ya mwili wake na injini, nyingine pale rota inapotazama. Piga picha. Bila alama hizo utatumia siku nzima kutafuta taimingi.

Fungua plagi zote, mimina vijiko viwili vya oili safi kwenye kila silinda, zungusha injini kwa mkono mara mbili, rudisha plagi. Ziba mdomo wa kabureta kwa plastiki nene na klipu ya hosi, na ekzosi vilevile. Tenki lijae mafuta ili maji yasipate nafasi, mfuniko na tundu lake la kupumulia vizibwe kwa tepu. Chomeka hosi ndefu kwenye tundu la kupumulia la difu na uifunge juu karibu na kioo.

Usivute hendibreki, kwa sababu viatu vya breki vitashikana na ngoma kwa kutu. Zuia tairi kwa mawe. Kanyaga klachi na uikaze chini kwa kijiti kinachoegemea usukani, sahani yake isigande kwenye flaiwili. Mwisho ng'oa vizibo vya mpira vilivyo sakafuni na ushushe vioo. Maji yaingie na yatoke kwa njia moja.

Njia hii inadai malipo baadaye, na hapo ndipo inaposhindwa kwa mtu mvivu. Ndani ya siku mbili baada ya maji kushuka lazima oili ya injini, giaboksi na difu zimwagwe, bodi ioshwe kwa maji safi ndani na nje, ngoma zifunguliwe, beringi zipakwe grisi mpya, na mafuta ya breki yabadilishwe. Betri isirudi na injini isizungushwe kwa stata mpaka plagi zimetolewa na injini imezungushwa kwa mkono bila kukwama. Maji ya chumvi, kama ya mikono ya bahari ya Mombasa au Dar, hayana msamaha wa siku mbili. Suuza siku hiyo hiyo, kisha tena, kisha tena. Bodi ya alumini ya Land Rover iliyokaa kwenye chesisi ya chuma, na chumvi katikati, hujila yenyewe hata baada ya kukauka.

504 na sedani nyingine zisizo na chesisi zinaumia zaidi kwa njia hii kuliko Land Rover. Matope huingia kwenye mashimo ya ndani ya bodi chini ya milango, hukaa humo, na kutu huonekana nje miaka miwili baadaye ukiwa umeshasahau. Fungua vitundu vya kutolea maji na upige maji ya presha hadi yatoke meupe.

Karatasi

Bima ndogo, ile ya kulipa wengine, haigusi mafuriko. Bima kubwa yenyewe soma kama mafuriko yametajwa, na kwa gari la kale hakikisha thamani imekubaliwa kwa maandishi, kwa sababu bei ya sokoni ya 504 kwenye makadirio ya kawaida itakuchekesha. Kadi ya gari au logbuku, namba ya chesisi na ya injini, picha za pande nne na za dashibodi zenye kilomita: zote zitoke nyumbani na wewe.

Magari mawili, dereva mmoja

Nyumba nyingi zenye gari la kale zina pia gari la kila siku, na anayeondoka ni mtu mmoja mwenye nafasi ya safari moja. Moyo utasema la kale. Kama la kale ni Land Rover au Land Cruiser yenye kabureta au dizeli ya pampu isiyo na kompyuta, na una saa tatu, liache nyuma likiwa limeandaliwa kuzama, uondoke na la kisasa. Kontroboksi (kompyuta ya gari) na nyaya zilizo chini ya kapeti za gari jipya hazisafishiki. Maji yakifika kwenye viti, gari hilo limekwisha. Kama la kale ni sedani kama 504, au lina bodi iliyotengenezwa upya karibuni, geuza: ondoka nalo, na la kila siku liachie bima kubwa. Kama una nusu saa tu na barabara bado kavu, ondoka na lile lililo karibu na geti. La pili lisikurudishe. Zima swichi kuu ya umeme wa nyumba unapotoka, maana maji ya banda yakifika kwenye soketi ukutani, hakuna gari la kuingiliwa tena humo.